Ndege Aliyekatwa Mguu

Kaka yangu anaitwa Kobe kwa sababu ya shingo yake. Akishika mashine ya kuchomea, shingo inazama mabegani, kioo kinashuka usoni, na hapo hata nyumba iungue hatoki mpaka mshono uishe. Jina hilo nilimpa mimi nikiwa na miaka tisa, na shukrani niliyopata ni ngumi ya mgongo iliyonikojoza. Nikamrudishia jiwe. Ndivyo tulivyolelewa, na anayetaka hadithi ya ndugu waliopendana kwa maneno matamu akatafute kwingine.

Baba yetu alikuwa fundi chuma, na alikuwa anapiga. Sisemi alikuwa anatuchapa. Kuchapa ni kwa fimbo. Yeye alichukua chochote kilichokuwa karibu, na karibu na fundi chuma hakuna pamba. Kobe alipokuwa na miaka kumi na minne alipinda nondo nzima, mpya, akatengeneza paka. Paka mzuri tu, mkia juu. Baba akamwekea mkono juu ya fuawe akamponda kidole cha mwisho, ili siku nyingine ajue nondo inanunuliwa. Mimi nilimrukia mzee nikamng'ata mkono mpaka meno yakakutana. Alizikwa na lile kovu, Mungu amsamehe, maana mimi bado.

Alipokufa tukabaki na karakana, sisi wawili. Kobe anachomea, mimi nasaga kwa grenda: mishono, kingo, kutu, kila kitu kinachokwaruza. Watu wananiita Msasa, na si kwa sababu ya kazi tu. Miaka ishirini na mitano tumetengeneza mageti, grili za madirisha na milango ya maduka. Chakula chetu ni woga wa watu. Mtaa ukivunjiwa leo, kesho foleni iko mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa naona hiyo ni kazi ya heshima kabisa.

Sasa sikiliza habari ya mfereji, maana bila mfereji hutaelewa kwa nini nilirusha kiti.

Nyuma ya soko letu unapita mfereji wa maji ya mvua, kina chake mtu mzima na nusu, na hauna mifuniko. Uliwahi kuwa nayo, ikaoza, haikurudishwa. Kila msimu wa mvua unakula mtu. Mwaka huu mlevi, mwaka ule mwanamke na mzigo wake kichwani. Tuliandika barua, tukaenda ofisini, tukaambiwa fungu halijatengwa. Kisha siku moja manispaa ikaita wananchi ukumbini kututangazia kwamba fungu limepatikana, tena nono, la kujenga sanamu kwenye mzunguko mkuu wa barabara.

Nilisimama. Nilijaribu kusema kistaarabu, nusu dakika nzima. "Mstahiki Meya," nikasema, "mfereji wa soko hauna mifuniko. Nyinyi mnataka sanamu?"

Meya akatabasamu. "Mama, mji si mifereji tu. Mji una roho."

"Roho!" nikapiga kelele. "Roho za watu zinaishia mferejini, na wewe unatafuta roho ya mzunguko!"

Ukumbi ukalipuka. Akaniambia niketi. Kiti nilikuwa nacho mkononi tayari, nikakitupa jukwaani, kikapiga meza, glasi zikaruka, mhasibu akatoka damu ya paji. Walinzi wanne walinibeba. Yule wa mwisho alinipiga kiwiko cha mdomo mlangoni kabisa, bila sababu, kama mtu anayefunga hesabu.

Nikafika karakana nimeloa damu kidevuni. Kobe akapandisha kioo. "Nani?" akauliza.

"Walinzi wa manispaa. Kwa ajili ya sanamu yao ya kipuuzi. Na nakuapia, fundi yeyote atakayeipokea kazi ile nitamvunja mkono kwa mkono wangu huu."

Kobe aliingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa barua, akanipa. Ilikuwa na muhuri wa manispaa. Ilisema kwamba ameteuliwa kutengeneza "sanamu ya ndege itakayosimama katikati ya mzunguko mkuu, mabawa wazi, ikiashiria mji unaopaa."

Wee! Kilichokuwa karibu ni kipande cha nondo cha futi mbili, na hapo nilijua mimi ni mtoto wa baba yangu. Kilimpata juu ya sikio. Alipepesuka, akashika ukuta, halafu akanijia, akanikandamiza juu ya meza ya kazi mkono ukiwa kooni, damu yake ikinidondokea machoni.

"Chuma hicho hicho kingefunika mfereji mzima!" nilikoroma.

"Mifuniko sikuombwa," akasema. "Nimeombwa ndege. Maisha yangu yote natengeneza vitu vya kuzuia watu, Msasa. Niache nitengeneze kimoja kisichomzuia mtu." Akaniachia. Alishonwa nyuzi saba, na nauli ya kwenda kushonwa nililipa mimi.

Nikaapa sitaligusa dude lile. Alilifanyia kazi nyuma ya karakana miezi minne. Mchana mageti, jioni dude. Alikata manyoya kwenye bati, unyoya mmoja mmoja, anaugonga, anaupinda, anautazama, anautupa, anakata mwingine. Macho yakavimba kwa mwanga wa moto, analala na kitambaa cha maji usoni. Wifi yangu, mkewe, alitishia kurudi kwao, akamwambia achague, na yule mpumbavu akamwuliza kama anaweza kusubiri amalize bawa. Kingo za bati zilikuwa zinamchana viganja. Mwishowe nikachukua grenda nikamsagia manyoya yote mia sita na kitu. Usidhani ni mapenzi. Damu yake ilikuwa inachafua sakafu, na anayepiga deki ni mimi.

Na kwa kuwa mkono wa fundi mageti hauwezi kuacha kitu bila mlango, akaliwekea mlango. Chini ya mkia, mdogo, wa kuingilia fundi umeme maana tumboni kulikuwa na nyaya za taa. Bawaba mbili na komeo letu lile la kujifunga lenyewe, tunalowekea maduka: ukivuta mlango, komeo linaanguka, na kufungua ni kwa ufunguo, kutoka nje tu. Nilimtania kwamba ndiyo mara ya kwanza duniani kinyeo kufungwa kwa ufunguo. Alicheka, tukacheka wote, na siku hiyo hatukupigana.

Siku ya uzinduzi mzunguko ulijaa watu. Dude limefunikwa turubai. Meya akapanda jukwaani na karatasi yake, akasoma: "Ndege hii, wananchi, itawakumbusha watoto wetu kusoma wawe marubani. Injini zake ni umoja, na magurudumu yake ni amani." Akavuta kamba. Turubai likaanguka, na pale akasimama ndege wa urefu wa watu watatu, mwenye miguu, kucha, mdomo na manyoya, mabawa wazi, hana injini wala gurudumu.

Meya akainama kwa kaka yangu, lakini kipaza sauti hakikuinama naye, tukasikia sote.

"Hiki ni nini?"

"Ndege, Mheshimiwa."

"Tulitaka ndege!"

"Si ndiye huyu?"

"Ndege! Inayopaa! Inayobeba abiria!"

Kobe akatoa barua mfukoni. Wakaisoma pale pale, vichwa vitatu juu ya karatasi moja, wakitafuta neno lolote linalosema ni ndege ya abiria. Hakuna. Ndege ni ndege. Aliyeiandika alikuwa anafikiria uwanja wa ndege, na aliyeisoma alikuwa anafikiria mwewe. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nami, na mdomo wangu usio na breki, nikapiga kelele kutoka mbele: "Sasa litataga nini? Nati?"

Hapo ndipo nilipokosea. Neno lile lilishika. Kesho yake kila kinywa sokoni, mtu akilalamikia barabara, maji, taa, anamalizia: litataga nini! Waliandika kwa mkaa ukutani mwa ofisi ya manispaa. Nilikuwa napita nalisoma, kichwa kimevimba kwa sifa.

Manispaa haikuweza kulibomoa bila kukiri ujinga wake, basi ikaliwekea walinzi wawili, wa mchana na wa usiku, wezi wa chuma wasilibebe. Kobe akaomba nafasi ya usiku apewe mume wangu. Mume wangu anaitwa Taratibu, na jina linamfaa. Hajawahi kunipandishia sauti, nami nimemrushia sufuria tatu. Alikuwa amekaa bila kazi mwaka mzima. Akapewa koti la bluu lenye nembo ya manispaa mgongoni. Kwa hiyo nyumba yangu ikawa inakula kutokana na dude nililolitukana, na nikaendelea kulitukana nikiwa nimeshiba. Ndiyo, aibu ninayo.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Jirani yetu fundi viatu, mtu aliyekaa kibarazani pembeni ya karakana yetu tangu enzi za baba, mtu aliyewahi kunificha chini ya meza yake mzee alipokuwa ananitafuta na bomba, alitoka kununua uzi. Maji yalikuwa yamefunika njia, mfereji hauonekani. Tulimpata siku ya pili, kwenye wavu wa mtoni, uso umekwaruzwa hautambuliki. Nilimtambua kwa viatu.

Sitadanganya: nilikuwa mbele. Tulimbeba juu ya mlango wa mbao, watu mia, kisha mia tano, kisha sijui. Tulikuwa tunampeleka manispaa. Askari walikuwa wameziba barabara ya manispaa, wakatupiga maji ya kuwasha na virungu, waliobeba maiti wakarudi nayo sokoni, umati uliobaki ukageuka, na mbele yetu kukawa na mzunguko, na katikati ya mzunguko, lile dude. Saa nne asubuhi, mvua imekatika, jua linamulika yale manyoya. Lilikuwa linang'aa. Nilichukia kung'aa kwake kama sijawahi kuchukia kitu.

Mtu akaanza: "Litataga nini!" Wote wakapokea. Sauti yangu ilikuwemo. Mawe yakaanza, bati likilia. Kijumba cha mlinzi kikapinduliwa. Nilikiangalia kikipinduka na roho yangu ilikuwa tulivu, maana mimi nilikesha msibani, na Taratibu ni wa usiku, saa hiyo yuko kitandani. Kisha yakaja matairi, manne, matano, yakarundikwa kati ya miguu na chini ya mkia. Dumu la petroli likapita juu ya vichwa. "Choma! Choma!" Mimi ni mtu wa karakana, kwetu neno hilo ni la kazi, linasemwa mara hamsini kwa siku, choma hapa, choma pale. Nikapiga kelele kama nilivyozoea. Moto ukanyanyuka mara moja, ukadaka na kijumba.

Mkono ukanishika nywele kwa nyuma ukanizungusha. Kobe, grenda ya betri imening'inia begani, ile tunayoendea kufunga mageti majumbani kwa watu. Alikuwa amekimbia, anahema.

"Mumeo yuko wapi?"

"Niachie! Amelala nyumbani."

"Nimetoka kwako. Hayupo. Wa mchana kafiwa na shangazi, wamebadilishana zamu." Akanitikisa. "Msasa! Yuko wapi?"

Hapo hapo likagongwa. Kwa ndani. Bati la tumbo, mara tatu, kisha mara nyingi, kwa ngumi, na sauti ambayo miaka kumi na minane ya ndoa sijawahi kuisikia ikipanda, sasa ilikuwa imepanda.

Alikuwa ameingia mawe yalipoanza. Aliona mlango uko wazi, akajivuta ndani, akauvuta, na komeo letu likafanya kazi yake. Ufunguo ulikuwa kwenye kijumba, na kijumba kilikuwa kinaungua. Mlango wenyewe ulikuwa katikati ya moto.

Kuna mtu anasema ikitokea hivyo unaishiwa nguvu. Mimi nilipata nguvu za wendawazimu. Nilivuta tairi kwa mikono mitupu, ngozi ikabaki kwenye mpira. Haya makovu mnayoniona nayo ndiyo hayo. Nilikuwa napiga kelele, "Kuna mtu! Kuna mtu ndani!" na watu walikuwa wanapiga kelele kunizidi. Mimi niliyewafundisha la kusema, sikuweza kuwasikilizisha neno moja.

Kobe akapanda bawa. Aliposimama mgongoni mwa ndege na kuiwasha grenda, umati ukamwona, ukamtambua, na ukafurahi. Mama yangu, ule ukelele! "Fundi mwenyewe! Fundi mwenyewe kalikataa! Kata, Kobe! Kata!" Walipiga makofi, walipiga vigelegele, wengine walilia kwa furaha. Na yeye akakata. Alipita katikati ya manyoya aliyoyatengeneza miezi minne, yakiruka huku na huku, watu wakiyaokota kwa ukumbusho na kuinua hewani vidole vilivyochanika. Sikuwahi kuona uso wake akikata. Safari hii hakuwa na kioo. Alikuwa anatukana matusi ya baba, moja baada ya jingine, kwa mpangilio.

Bati likafunguka. Moshi ukatoka kwanza. Kisha Kobe akazama mpaka kiunoni akamtoa mume wangu kwa kola, amekuwa mweusi, suruali imeshikamana na miguu, anatapika. Akamshusha kwenye bawa, nikampokea chini. Watu wa karibu wakanyamaza. Nilidhani wameelewa.

"Koti la manispaa!" mmoja akasema.

"Alikuwa kajificha! Fisadi kajificha!"

Hakuna aliyeuliza ni fisadi gani anayekaa lindoni kwa mshahara wa mlinzi. Jiwe la kwanza lilimpiga Taratibu mdomoni, nikaona meno. La pili lilinipiga mimi begani. Nilichukua nondo kwenye mabaki ya kijumba, ya moto bado, nikasimama juu ya mume wangu nikaizungusha. Nilimvunja mkono mwanamke mmoja. Asubuhi ile tulikuwa tumeshikana mikono, mimi na yeye, tukimlilia fundi viatu. Nilisikia mfupa, nikamwona anaukamata mkono wake ananitazama, na nondo yangu ilikuwa tayari inarudi kwa mwingine. Nisingeacha. Naomba muelewe hilo: ningewaua wote.

"Msasa!" Kobe alikuwa amesharuka chini, yuko kwenye mguu wa ndege uliotangulia mbele. "Mvute nyuma ya mkia! Mvute!"

Nilimvuta mume wangu kwa mikono isiyo na ngozi. Grenda ikalia kwenye bomba la mguu. Kaka yangu anajua chuma kitalala upande gani. Ndiyo elimu pekee aliyo nayo. Alikata robo tatu, akaiacha grenda, akaegemeza bega, akasukuma. Ndege akainama mbele, polepole, kisha upesi, bawa likatangulia, akaanguka barabarani kati yetu na wao kwa kishindo kilichovunja vioo vya duka la ng'ambo. Wakatawanyika. Kijana mmoja mchukuzi hakuwahi. Bawa lilimponda goti, na mpaka leo anatembelea gongo. Tulipita uchochoro wa nyuma, Taratibu mgongoni kwa Kobe, mabomu ya machozi yakianza kudondoka nyuma yetu.

Tulimfikisha hospitali. Kobe akamlaza, akafuta mikono kwenye shati, akasema anarudi kuzima moto. Nikamwambia ana wazimu. Akarudi. Askari walimkuta peke yake pale mzungukoni, anamwaga ndoo ya maji juu ya bati linalofuka, grenda iko pembeni. Walimpiga mpaka wakachoka, wakampiga tena walipofika kituoni. Mbavu mbili.

Kesi ilikuwa fupi kuliko nilivyotegemea. Habari ya goti haikufika mahakamani, mchukuzi hakutaka kusema alikuwepo. Yule mwanamke wangu wa mkono naye alikaa kimya. Kilichobaki ni sanamu. Tundu la mgongoni walimsamehe, maana Taratibu aliandika maelezo akiwa kitandani. Shida ilikuwa mguu. Mtu ameshaokolewa, akasema mwendesha mashtaka, kwa nini mshtakiwa aliiangusha mali ya umma? Kumjibu kweli kungefukua lile goti na ule mkono. Na sheria yetu ilikuwa hivi: mali uliyoiharibu ikiwa ya thamani kubwa, unafungwa, ikiwa ya thamani ndogo, unatozwa faini, unakwenda nyumbani.

Wakili wetu, binti mmoja mchangamfu aliyejitolea bure, akanishika mkono wa bendeji nje ya chumba. "Mama, wewe ni shahidi mzuri kuliko wote. Mji mzima unajua ulivyoisema sanamu ile. Wewe ni fundi, uliigusa. Sema ukweli wako tu: ni vyuma chakavu. Kaka yako atalala kwake leo."

Kitu gani rahisi kama hicho? Nilikuwa na mazoezi ya mwaka mzima.

Nikapanda kizimbani. Wakili akauliza, nikajibu. Nikasema lilikuwa dude. Nikasema ni bati la mabaki, bomba la mtumba na rangi ya bei rahisi, kwamba hakuna mtu mwenye akili angelinunua, kwamba lingeoza lenyewe kwa miaka mitatu. Nikasema hata geti letu la bei ya chini ni bora mara kumi. Watu nyuma wakacheka, mmoja akanong'ona, "Litataga nini," na hata hakimu akauma mdomo. Nilipata moto. Nikasema kaka yangu ni fundi wa grili, hajui sanaa, alibahatisha. Nilikuwa namwokoa. Sikumtazama usoni, maana nilijua nikimtazama nitanyamaza.

Hakimu akageukia kizimba cha pili. "Mshtakiwa, una la kuongeza?"

Wakili akatikisa kichwa kumwonya. Kobe akasimama, akishika mbavu.

"Mheshimiwa," akasema, "dada yangu anasema uongo."

"Kaa chini!" nikapiga kelele. "Mpumbavu wewe, kaa chini!"

"Anasema uongo kwa sababu ananipenda, msimfanye lolote. Bati halikuwa la mabaki, nilinunua jipya. Kila unyoya niliutengeneza mara mbili. Yule ndege alikuwa kazi nzuri. Ndiyo kazi nzuri pekee niliyowahi kufanya, nami niliikata kwa mkono wangu kwa sababu shemeji yangu ana thamani zaidi. Nifungeni. Lakini msiandike kwenye hayo mafaili yenu kwamba nilikata vyuma chakavu."

Kalamu ya hakimu ilisimama hewani. Wakili alifunika uso. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, amechoka, na nadhani alitafuta namna ya kutosikia alichosikia, akaikosa. Miaka miwili na nusu.

Walinipa dakika chache kwenye ujia wa nyuma kabla gari halijaja. Alikuwa na pingu. Nilimzaba kofi moja, la nguvu zangu zote, bendeji ikafunguka, askari akaniambia mama, tutakutoa. Nikamshika shati nikamtikisa, nikamwambia ningekuua, wallahi ningekuua, ungelala nyumbani leo. Nilikuwa nalia kwa hasira, makamasi na yote. Aliniacha nimalize.

"Yale uliyoyasema pale," akauliza, "ndivyo unavyoona kweli?"

Nilijua jambo ambalo yeye, akiwa rumande, hakulijua. Wiki ile ile ya kesi manispaa ilikuwa imempakia ndege kwenye lori, vipande vipande, ikamuuza kwa mnunua vyuma. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara lilipopita.

"Jicho lake," nikamwambia. "Yule ndege wako. Jicho uliliweka juu mno. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa."

Akafumba macho, akalifikiria. Nilimwona analiona.

"Kweli," akasema. "La kushoto zaidi. Nikitoka nitalishusha."

Nikamfunga kifungo cha shati nilichokuwa nimemkatia nusu. "Sawa, kaka," nikamwambia. "Ukitoka utalishusha."